Kaimati Tisa za Shibeni

Njia ya kwenda Shibeni sitaieleza, kwa sababu haina cha kuelezwa: nilipotea, nikafika. Nitakayoeleza ni yale niliyoyaona kwa siku kumi na tisa nilizokaa huko, na nitajitahidi kuyaeleza bila hasira, ingawa hasira ninayo na sioni sababu ya kuificha.

Wenyeji wa Shibeni ni wakarimu kupita watu wote niliowahi kukaa nao. Hilo naliweka mbele, nisije nikadhaniwa nawasengenya. Hapiti mtu mlangoni kwao bila kukaribishwa, na anayekaribisha huwa anamaanisha. Tena wanajua kupika. Katika mtaa mmoja tu nilikuta visheti, vileja, labania, mkate wa kumimina, tambi za zabibu na haluwa ya namna tatu, maana nilifika wiki mbili kabla ya sikukuu yao kubwa, Sikukuu ya Sinia, wakati mitaa yote inanukia iliki na samli tangu asubuhi. Na katika nchi nzima sikumwona mtu mzima hata mmoja akitia kitu kitamu kinywani.

Nilifikia kwa Shamte, seremala wa vitanda, aliyekuwa akiishi na mkewe Zuwena, binti yao mdogo Nunu, na mama yake mzazi, Bi Raya, mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye maradhi ya kifua yalikuwa yamemwacha mifupa mitupu. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Zuwena akaniwekea sahani ya vileja, bado vya moto, akasema, "Karibu, bwana mgeni." Nikajibu kama nilivyolelewa: "Ahsante, shemeji, nimeshiba."

Kwetu, kama msomaji ajuavyo, neno hilo halimalizi kitu. Mwenye nyumba hutakiwa akatae kulisikia, akuapie, aseme unamtia aibu mbele ya watoto, nawe ndipo unyooshe mkono kama mtu aliyezidiwa nguvu. Nilikuwa nangoja kuapiwa. Badala yake mtu mmoja niliyemdhania mjomba wa nyumba ile akainuka pembeni, akasema kwa upole, "Mmesikia," akaifunika sahani yangu kwa kawa ya ukindu na kuondoka nayo.

"Kwani hukushiba?" Shamte aliniuliza, alipoona naisindikiza sahani kwa macho hadi mlangoni.

"Nilisema tu," nikamjibu.

Hakunielewa. "Ulisema," alirudia taratibu, na akawa amemaliza.

Sheria kuu ya Shibeni ina maneno manane: Neno lililosemwa mbele ya chakula ni kweli, halirudiwi. Kila mtaa una afisa aitwaye Msikizi, ambaye kazi yake ni kuhudhuria popote kinapoletwa kitu kitamu, asikie watu watakavyojibu, kisha afunike. Wa mtaa ule aliitwa Mwinyi Kombo, ndiye huyo niliyemdhania mjomba, mtu mpole aliyepinda mgongo kwa kubeba makawa. Ndiye aliyenisimulia asili ya sheria. Zamani, alisema, watu wa nchi ile walikuwa kama sisi: mtu alikaribishwa mara tatu, akakataa mara mbili, ya tatu akala. Kisha mtawala mmoja, aliyekuwa ameahidi kuilisha nchi nzima siku ya sikukuu naye ana sinia moja tu, akagundua kwamba neno likipokewa mara ya kwanza, sinia moja linatosha watu wote na kurudi limejaa. Lilizungushwa miezi minne, nyumba kwa nyumba. Wote walishiba. Tangu hapo nchi ikaitwa Shibeni, na mtawala yule alipokufa alizikwa kwa heshima kubwa.

"Sasa mnakula nini?" nilimwuliza.

"Hatuli," alisema Mwinyi Kombo. "Tunakunywa dawa."

Dawa ni uji wa muhogo usio na chumvi wala sukari. Kila mtu hunywa bakuli lake asubuhi na jioni akiwa ameelekea ukutani, na kwa kuwa hakaribishwi mtu, hakuna neno linalosemwa, na kisichosemewa neno si chakula. Kwa dawa hiyo hawafi. Lakini kukaa pamoja kuzunguka sinia, mikono ikigongana, mtu akimchagulia mwenzake kipande kinono, jambo hilo wanalijua kwa kuhadithiwa.

Wanazuoni wao hujadiliana sana. Nilihudhuria mdahalo wa siku mbili juu ya swali kama kuonja ni kula. Upande mmoja ulisema mpishi asipoonja hatajua kama amekosea. Upande wa pili ukajibu kwamba kwa kuwa hakuna atakayekula, hakuna atakayejua, na kosa lisilojulikana na mtu si kosa. Upande wa pili ulishinda, ukapigiwa makofi. Kwa hiyo wapishi wa Shibeni huonja kwa pua. Baadaye niliambiwa kwa siri habari za nyumba moja iliyotia chumvi mahali pa sukari miaka sita mfululizo, na kila mwaka ilipata sifa mpya.

Vilivyofunikwa hupelekwa Ghala la Staha, jengo kubwa kuliko yote nchini, na kila mgeni hupelekwa kulitazama. Ni makawa juu ya makawa kutoka sakafuni hadi darini, na chini ya kila kawa kuna kitu ambacho mama fulani alikihangaikia siku nzima, kisha watu wa nyumbani kwake wakasema wameshiba. Mlinzi alinifunulia haluwa ya mwaka aliozaliwa. Ilikuwa nyeusi, ngumu, imejaa sisimizi. "Hii ni staha ya bibi yangu," aliniambia, na machozi ya fahari yalimlengalenga. Sisimizi wale ndio viumbe pekee walionenepa niliowaona Shibeni. Nchi za jirani hutuma wajumbe kulitembelea ghala lile na kujifunza, na kila mwaka siku ya sikukuu tangazo husomwa sokoni kwamba taifa limeshiba tena, kuliko mwaka jana.

Nakiri kwamba nilitafuta mwizi. Nimetembea nchi nyingi, na bado sijaiona ambayo wakubwa wake hawaujui mlango wa nyuma wa ghala. Nilidadisi, nikajipenyeza, nikawachungulia wakuu majumbani mwao. Wamekonda kama wengine. Wanaelekea ukutani, wanakunywa dawa yao, wanafuta midomo. Ningefarijika sana kumkuta hata mmoja akiiba, maana mwizi anaweza kukamatwa na mambo yakabadilika. Sikumkuta, na siku hiyo ndipo nilipoanza kuikatia tamaa nchi ile.

Watoto peke yao wameachiwa. Mtoto ambaye hajang'oka jino haulizwi kitu. Anakula, na wakubwa wanamzunguka na kumtazama jinsi watu wanavyouzunguka moto wakati wa baridi. Likishang'oka jino la kwanza, naye hukaribishwa mbele ya Msikizi, na akilitamka neno sawasawa anapigiwa vigelegele. Nunu alikuwa na jino la mbele linalocheza. Alikuwa akizungumza ulimi ameuweka upande, ili usije ukaligusa.

Siku ya sita niliingia jikoni kuomba maji, nikamkuta Bi Raya ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akipiga unga wa kaimati kwa mkono. Mtaani hakuna aliyesifika kwa kaimati kama yeye, kwa rangi na kwa mviringo. Nunu alikuwa ubavuni pake akila zile za kwanza, shira ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mwanangu," Bi Raya aliniita, "wewe umekulia nchi nyingine. Ulishakula kaimati?"

"Nimekula nyingi, mama."

"Zikoje?"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nimezipika tangu nilipoolewa," alisema. "Najua mafuta yanavyolia yakiwa tayari. Najua zikiiva zinavyojigeuza zenyewe. Ndani zikoje, sijui. Kwa mama yangu tulikuwa watu wa vileja, kaimati nimezikuta huku ukweni, na jino lilikuwa limeshatoka zamani. Huyu Nunu namwuliza kila mara, ananiambia tamu. Sasa tamu ndiyo nini? Hata labania tamu."

Nikamweleza. Nilisema juu kuna ugumu kidogo unaovunjika, kisha ndani kuna ulaini na kijoto, na shira inakuja nyuma yake. Nilieleza vibaya. Alinisikiliza macho ameyafumba, na kinywa chake kilikuwa kinatafuna.

"Si udokoe moja, mama," nikamwambia. "Tuko sisi tu."

"Kudokoa peke yangu, nimegeukia ukuta? Hiyo itakuwa dawa." Alifumbua macho. "Dawa nimekunywa ya kutosha. Kifua hiki hakinifikishi mwaka kesho, na mimi mwenyewe nalijua hilo. Nataka nikae na hawa wanangu, wananiona, nile moja. Nijue nilikuwa nawapikia watu kitu gani."

Mama yangu mimi alikuwa akitugawia nyama yote, akisema ameshiba, kisha tunamsikia jikoni akikwangua ukoko. Tulimwamini, au tulijifanya tunamwamini, na sasa hayupo wa kumwuliza. Nilitoka jikoni pale, nikamwambia Shamte kwamba kesho yake tunakwenda Baraza la Adabu.

Baraza lina wajumbe themanini, na Mkuu wake alikuwa Bi Mkasi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kubembeleza. Hoja yangu ilikuwa fupi: mtu anaweza kusema ameshiba na akawa na njaa, kwa hiyo maneno ya Bi Raya ya miaka yote yale yasimzuie kula. Mjumbe mmoja akaomba neno njaa liondolewe katika mazungumzo kwa kuwa ni la kigeni. Mwingine akasimama kumsahihisha, akasema si la kigeni ila limezeeka, na wakashindana juu ya hilo mpaka karibu adhuhuri.

Mwishowe Bi Mkasi akaagiza sahani ya mkate wa kumimina, ikawekwa mbele yangu. "Umetoka mbali, na umesema sana," aliniambia, na nina hakika alisema kwa wema. "Karibu."

Nilikuwa najua. Ieleweke kwamba nilikuwa najua vizuri sana, na tangu vile vileja vya siku ya kwanza nilikuwa nimeapa kwamba neno lile halitanitoka tena. Lakini nilipoinua macho niliona watu themanini waliokonda wakiutazama mkono wangu, hakuna hata mmoja aliyeonja sukari tangu utotoni, na sahani ni moja, na mimi ndiye mgeni. Kinywa kikasema chenyewe: "Ahsante, Mheshimiwa, nimeshiba."

"Mmesikia," alisema Msikizi wa Baraza, na kawa ikashuka.

"Hiyo ilikuwa adabu tu," nikasema haraka. "Njaa ninayo. Hiki ndicho nilichokuwa nakieleza."

"Kama umeshiba, hoja yako imekwisha," alisema Bi Mkasi. "Kama hukushiba, umetuambia uongo, na ushahidi wa mwongo hatuupokei. Chagua mwenyewe." Kisha akamgeukia Shamte, na sauti yake ikazidi kuwa ya upole. "Mwanangu, mama yako hajakatazwa na mtu. Sheria ni maneno manane, huyaoni mahali yanaposema mtu asile. Siku ya Sinia Msikizi atamkaribisha kama kawaida. Aseme ana njaa, ale. Mimi mwenyewe ningependa nisikie linavyosemwa."

"Yupo aliyewahi kulisema, Mheshimiwa?"

"Hayupo," alisema Bi Mkasi. "Lakini mlango uko wazi."

Kwa siku zilizobaki nyumba ile iligeuka chuo. Mwalimu alikuwa Nunu, kwa kuwa ndiye pekee aliyelitumia neno lile kila siku bila kulifikiria. "Sema, Bibi: nina njaa." Bi Raya alikuwa akifika kwenye "nina", kisha anacheka na kujiziba mdomo kwa kanga, kama mwari aliyetajiwa jina la mchumba. Shamte alikuwa akitoka uani, kwa kuwa kumsikia mama yake akijifunza neno lile kulimfedhehesha, na kule kufedheheka kulimwumiza zaidi. Zuwena alibaki, akipeta mchele uliokwisha petwa. Siku ya nne Bi Raya aliweza kulisema lote akiwa ameelekea ukutani. Siku ya saba alilisema akimtazama Nunu usoni, na Nunu akamkumbatia. Nami, ambaye nilikwisha kukata tamaa, nilianza kuwa na tumaini, na sijui kama kuna kitu kingine nilichokifanya Shibeni ambacho kilinigharimu zaidi ya hicho.

Asubuhi ya Sikukuu ya Sinia yalitokea mambo mawili. Sukari ilikuwa imeadimika mwaka ule, na pamoja na kuhangaika kote zilitoka kaimati tisa tu, zimekaa katikati ya sinia kubwa. Na Nunu, alipokuwa akivuliwa nguo aogeshwe, alijigonga kidevu, na jino likatoka. Alilia kwa uchungu mwingi. Mama yake alimfuta damu huku akicheka kwa furaha, akaita majirani wawe tayari mlangoni.

Tukakaa mkekani: Shamte, Zuwena, Nunu, mimi, na Bi Raya aliyeegemezwa mito. Mwinyi Kombo alisimama na kawa yake. Mimi sikuulizwa, kwa sababu neno linalosemwa mbele ya Baraza hudumu mpaka sikukuu ipite. Wengine huulizwa kuanzia mkubwa hadi mdogo, na kawa hushuka wakishajibu wote.

"Karibu, Bi Raya," alisema Mwinyi Kombo. Habari alikuwa nazo, mtaa mzima ulikuwa nazo. Aliinamisha kichwa asikie vizuri, na niliona kwamba naye alitaka lisemwe.

Bi Raya akanyoosha mkono. Niliuona umefika juu ya sinia, vidole vimefunguka. "Nina," alisema.

Kisha akamtazama Nunu. Mtoto alikuwa amekaa wima, macho kwenye kaimati, midomo ameibana kuficha pengo. Bi Raya akazitazama zile tisa, akatutazama tulivyozunguka, na mkono ukaanza kurudi.

"Nina watoto," alisema. "Wapeni watoto. Mimi nimeshiba."

"Mmesikia," alisema Mwinyi Kombo, na sijawahi kumsikia akilisema chini namna ile. Shamte akasema ameshiba. Zuwena akasema ameshiba. Mwinyi Kombo akachutama, uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Karibu, Nunu."

Bi Raya alikuwa akimhimiza kwa macho, kwa kidevu, kwa kichwa kizima. Nunu aliziangalia kaimati, akamwangalia bibi yake ambaye hakula, akafikiri kidogo. Alipofungua mdomo pengo lilionekana, na neno lilitoka limenyooka kabisa: "Nimeshiba."

Zuwena alipiga kigelegele, na mlangoni majirani wakampokea. Shamte alikuwa analia na kucheka, akambeba binti yake mabegani, wakatoka naye nje ili watu wamwone. Mwinyi Kombo akalifunika sinia, akawafuata kwenda kutangaza, kama inavyompasa. Chumbani tukabaki mimi na Bi Raya, na sinia katikati yetu.

"Nina njaa," alisema.

Alilisema lote, bila kutetemeka, akinitazama mimi. Nje walikuwa wanaimba. Kutoka mkononi mwangu hadi kwenye kawa hapakuwa na shubiri moja. Hapakuwa na Msikizi wala mlinzi, na tulikuwa wawili, na wawili wanatosha kuwa watu wanaokula pamoja. Nilifikiria aibu itakayompata Shamte. Nilifikiria kwamba Mwinyi Kombo anaweza kurudi wakati wowote. Nilifikiria kwamba mimi ni mgeni, na haipendezi mgeni kufunua chakula katika nyumba ya watu.

Mwinyi Kombo alirudi, akatutakia sikukuu njema sote wawili, akajitwika sinia na kuondoka nalo. Bi Raya alifariki siku ya tatu yake, na Shamte alinishukuru kwa kukaa naye siku ile.